Daftari la Msibani

Baba yangu tulimzika Juni 2016 nyuma ya nyumba yake, wilayani Muleba, mkoani Kagera, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe na mibuni aliyoachiwa na babu. Siku ya tatu ya matanga wanaume walikuwa wamekaa chini ya mparachichi, na sisi wanawake tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Kijana mmoja wa ukoo akaingia na daftari kubwa la jalada gumu, lile tunaloliita kaunta buku.

"Mahudhurio," akasema. "Andikeni majina, mtie sahihi."

Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu. Nikaifuta kwenye kanga, nikaandika jina langu, nikatia sahihi. Wadogo zangu wawili wakafuata. Mama hajui kuandika. Kijana akafungua kidau cha wino, akamshika mkono taratibu, kwa adabu kabisa, akalikandamiza dole gumba lake chini ya majina yetu. Niliona kwamba orodha ilikuwa imeanzia katikati ya ukurasa na nusu ya juu ilikuwa tupu. Nilidhani wameacha nafasi ya kichwa cha habari. Nikarudi kwenye ndizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwanza. Wakati huo nilikuwa nafundisha Uraia darasa la sita. Kila mwaka niliandika ubaoni haki za raia, wanafunzi wakanakili, tukaimba kwa pamoja, wakaenda kufanya mtihani. Ibara ya 12: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Ibara ya 13: watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 18, uhuru wa maoni. Ibara ya 24, haki ya kumiliki mali. Nilizijua kwa namba. Lakini kwa miaka yote ile haikunijia hata siku moja kwamba maneno yale yalikuwa yanamsema mama yangu, au yanakisema kile kibanja, shamba letu la nyumbani lenye migomba na mibuni. Nilidhani Katiba ni jambo la Dodoma, la wabunge na majaji na vyama. Nyumbani tulikuwa na mila.

Oktoba mama alinipigia simu usiku, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, leo amekuja mtu na futi kamba. Anapima upande wa barabarani. Nimemuuliza unapima nini, akaniambia ameshazungumza na wenyewe."

"Wenyewe nani, mama?"

Akanyamaza. "Baba yako mdogo," akasema.

Niliomba ruhusa kazini. Alfajiri nilipanda basi, tukavuka kivuko cha Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, jioni nikashuka Muleba. Njia nzima nilikuwa najipanga jinsi ya kumkabili baba mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na hakunipa ugomvi. Alinikaribisha, akaniita Mwalimu, akamwambia mkewe alete kahawa. Kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto jambo ambalo kila mkubwa analijua.

Kibanja ni cha ukoo, alisema. Humo wamelala babu na babu wa babu. Mtoto wa kike anaolewa, watoto wake wanakuwa wa ukoo mwingine, na siku akifa yeye ardhi inaondoka, na makaburi yetu yanabaki mikononi mwa wageni. Marehemu hakujaaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo kibanja kimerudi kwake yeye, kwa niaba ya ukoo. "Ninyi ni watoto wetu. Hamtakosa ndizi. Na shemeji atakaa hapa mpaka Mungu amchukue."

"Sasa unauza?"

"Kipande kidogo tu. Mazishi yalikuwa na gharama. Na ninyi wenyewe mlisaini."

Nilirudi kwa mama bila kumjibu. Napenda nimtendee haki baba mdogo katika kusimulia haya: hakuwa akitunga. Yote aliyoniambia kuhusu ukoo na makaburi ni mambo ambayo Wahaya wamekua nayo, na kwa wengi ni mambo ya heshima. Kibanja si shamba tu. Ni mahali unapokaa, unapokula, unapozikwa. Ndiyo maana linauma kwa wote wawili, kwa anayeogopa kitoke na kwa anayeambiwa si chake.

Usiku ule nilimkumbuka shangazi. Mwaka 1993, nikiwa na miaka kumi, alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe na watoto wawili na godoro moja. Ukoo ukakaa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta wa jikoni nikiwasikia. Hakuna aliyemuuliza shangazi chochote. Waliongea juu yake kama wanavyoongea juu ya ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Alipewa kona nyuma ya zizi, baada ya mwaka akaambiwa kona ile inahitajika. Alimalizia maisha yake Bukoba mjini katika chumba cha kupanga, akiuza dagaa sokoni. Baba yangu alikuwa kwenye kikao kile. Alikuwa mtu mwema, na hakusema neno.

Asubuhi mama aliniambia kuna mama mmoja pale Muleba mjini anayesaidia watu bure katika mambo ya mirathi. Alikuwa muuguzi mstaafu, sasa ni msaidizi wa kisheria, ana chumba kimoja chenye benchi na meza na kabati la mafaili lisilofunga vizuri. Nilimwamkia, nikaanza kumwaga yote. Alinisikiliza kama dakika mbili, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, pole. Ila nikuulize. Una karatasi gani mkononi?"

Sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa na hasira na ibara za Katiba.

Alitabasamu, si kwa dharau. Kisha akanisimulia kisa ambacho mpaka leo sijui kwa nini hakimo katika vitabu vyetu vya Uraia.

Haki za binadamu, alisema, ziliingizwa kwenye Katiba yetu kwa mabadiliko ya 1984. Kabla ya hapo hazikuwemo kama haki ambazo mtu angeweza kuzidai mahakamani. Na hata zilipoanza kutumika, Machi 1985, mahakama ziliwekewa kipindi cha miaka mitatu kabla ya kuanza kuzitumia kubatilisha sheria, ili serikali ipate muda wa kurekebisha zile za zamani. Muda ule uliisha Machi 1988.

Agosti mwaka huohuo wa 1988, hapahapa Muleba, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Aliliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, baada ya kuona uzee unamjia na hana wa kumtunza. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, ndivyo zinavyosema kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikafuta mauzo, ikamwamuru mama yule arudishe fedha. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, Muleba. Hapo hakimu akafungua Katiba na kumpa ushindi. Bernardo naye akapanda Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inambagua mwanamke kinyume cha ibara ya 13 na kinyume cha mikataba ambayo Tanzania ilikwisha kuiridhia, na kwamba tangu hapo mwanamke na mwanaume wawe na masharti yaleyale katika kuuza ardhi ya ukoo.

"Mahakama Kuu, Mwanza," nilirudia. Nilikuwa napita mbele ya jengo lile kila wiki.

Nilihesabu miaka. 1990. Shangazi alifukuzwa 1993. Mama mwingine wa wilaya yetu alikuwa ameshasimama, ameshapigania jambo hili mpaka mwisho na ameshashinda, na habari ile haikuufikia ukuta wa jikoni kwetu. Si kwamba shangazi hakuwa na haki. Alikuwa nayo siku ile anafunga godoro lake kwa kamba. Hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwepo hatukujua kitu cha kumwambia.

Yule mama akafunga maelezo yake. "Sasa hiyo ni historia. Ya kwako yanaanzia kwenye jalada. Kama baba yako mdogo ni msimamizi wa mirathi, aliteuliwa na mahakama. Kama aliteuliwa, kuna muhtasari wa kikao cha ukoo. Nenda ukaombe kuliona jalada. Wewe ni mtoto wa marehemu, jambo linakuhusu."

Kuomba kuliona jalada kulinichukua siku mbili. Siku ya kwanza karani alisema hakimu hayupo. Siku ya pili nilikwenda na barua niliyoiandika kwa mkono, fupi, yenye jina langu, jina la marehemu na ombi langu. Ile barua ndiyo iliyofungua mlango. Tangu siku ile sidai kitu ofisini kwa mdomo.

Jalada lilikuwa jembamba. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kifo, fomu ya maombi, na nakala ya ukurasa wa kaunta buku. Nusu ya juu haikuwa tupu tena. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: Muhtasari wa Kikao cha Ukoo. Kwamba wajumbe wote kwa kauli moja wamemteua fulani kuwa msimamizi wa mirathi. Kwamba kibanja kibaki mikononi mwake kwa niaba ya ukoo. Kwamba mjane na watoto wa kike wameridhia. Kisha majina, sahihi, na chini ya majina yetu matatu, dole la mama yangu.

Nilikaa nalo muda mrefu kwenye benchi la korido. Na kadiri nilivyoliangalia ndivyo nilivyoona jambo ambalo ni mwalimu anayesahihisha madaftari kila siku ndiye angeliona haraka. Mistari ya kwanza ya muhtasari ilikuwa na herufi kubwa, zenye nafasi. Kuelekea chini zilianza kubanana. Sentensi ya mwisho, ile ya kwamba mjane na watoto wa kike wameridhia, ilikuwa imeminywa herufi juu ya herufi, na neno "wameridhia" lilikuwa limepanda kidogo ukingoni kwa kukosa pa kwenda, kwa sababu chini yake tayari palikuwa na jina la mtu. Anayeandika muhtasari kwanza na kukusanya sahihi baadaye hakosi nafasi. Anayekosa nafasi ni yule aliyekuta sahihi zipo.

Tulifungua ombi la kutengua uteuzi. Sitaeleza kila siku ya kesi, maana nyingi zilikuwa siku za kukaa na kuambiwa mje tarehe nyingine, na kila tarehe kwangu ilikuwa nauli na ruhusa na kivuko. Lakini kuna siku mbili sitazisahau.

Ya kwanza ni siku niliyokasirika. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima siku iliyotangulia, tumeshaitwa, baba mdogo akasimama akasema mashahidi wake hawajafika, anaomba apewe muda. Hakimu akampa wiki tatu. Nilishindwa kujizuia. Nikasimama bila kuitwa nikasema, "Mheshimiwa, huyu anachelewesha kwa makusudi, karatasi si inajieleza yenyewe?"

Hakimu alikuwa kijana kuliko mimi. Hakunifokea. Akaniambia nikae, akasema: "Mwalimu, ibara ya 13 unayoitegemea ina ibara ndogo ya sita. Isome usiku huu."

Niliisoma kwa mwanga wa simu, nimelala kitanda kimoja na mama. Inasema kwamba haki na wajibu wa mtu unapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo awe na haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Nilikuwa nimeifundisha ile ibara ya 13 kwa miaka, na huko chini sikuwahi kufika. Nilichotaka mimi ni baba mdogo asisikilizwe. Nilitaka afanyiwe kile alichofanyiwa shangazi: watu wazungumze juu yake, waamue, waondoke. Nilikaa na jambo hilo mpaka majogoo. Wiki tatu zile zilikuwa zake kwa haki, na niliporudi nilimwamkia kwa moyo mweupe zaidi. Naye akaitikia.

Ya pili ni siku mama alipotoa ushahidi. Kiswahili cha mama si kizuri. Aliomba aseme Kihaya, mzee mmoja wa baraza akatafsiri. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sijawahi kumsikia mama akisema mbele ya wanaume wa ukoo zaidi ya salamu na karibu chakula. Hakimu akamwonyesha nakala ya ukurasa, akamuuliza kama lile dole ni lake.

Mama aliinama akaliangalia kwa karibu, kama anayeangalia punje za mchele.

"Dole ni langu," akasema. "Maneno si yangu."

Mzee akatafsiri. Hakimu akaandika. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba kalamu ilisikika.

Baada yake akaja mzee wa ukoo, mtu wa miaka themanini na zaidi, ambaye baba mdogo ndiye aliyemleta awe shahidi wake. Aliulizwa kikao kilizungumza nini. Akajibu kwamba walihesabu michango, wakapanga nani amlipe fundi wa jeneza, wakapanga siku ya kumaliza tanga. "Na kibanja?" Mzee akamgeukia baba mdogo kwanza, akamtazama, kisha akamgeukia hakimu. "Kibanja hatukukitaja. Maiti hata udongo haujakauka, unakitajaje kibanja?" Ninamshukuru mzee yule mpaka kesho. Alikuwa upande wa mila kuliko wote mle ndani, na ni mila yake hiyohiyo iliyomkataza kusema uongo juu ya marehemu.

Uteuzi ulitenguliwa. Tuliteuliwa mama na mimi kusimamia kwa pamoja. Baba mdogo aliambiwa kwamba ana siku thelathini za kukata rufaa, akajibu kwamba amesikia, na hakukata.

Watu wengi huniuliza, basi mkashinda, mkachukua kibanja? Haikuwa nyepesi hivyo, na nisingependa mtu asome haya akadhani akitaja ibara ya 13 mbele ya hakimu kila kitu kinapanguka. Kibanja chetu kilikuwa na vipande viwili. Kimoja baba alikinunua mwaka 1987. Hati ya mauziano, karatasi ya daftari yenye mashahidi na muhuri wa kijiji, mama alikuwa ameitunza ndani ya kopo la majani ya chai, imezungushiwa nailoni. Karatasi ile ilitupunguzia nusu ya vita. Mali ya kununua si ya ukoo, na hakuna aliyebisha. Kama una mzazi aliye hai, mwombe akuonyeshe kopo lake.

Kipande cha pili ndicho cha ukoo, chenye makaburi. Hapo ndipo niligundua jambo linalonisikitisha mpaka leo. Ushindi wa Holaria Pastory ulihusu kuuza. Kanuni za urithi za 1963 hazijafutwa kwenye vitabu. Mwaka 2005 wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zifutwe. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Na bado kanuni zipo. Mwaka 2000 Bunge liliongeza neno jinsia katika maana ya ubaguzi kwenye ibara ya 13, ili pasibaki shaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema kinagaubaga kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mama wa kijijini anawekwa katikati ya maandiko haya yote, moja linampa, jingine linamnyang'anya, na yule anayemfukuza daima atakuja na lile la kunyang'anya. Hili si jambo la kuvumiliwa. Kufuta kanuni zile ni kazi ya siku moja kwa wenye mamlaka hayo, na imechukua miaka zaidi ya hamsini.

Sisi tuliamua kukaa na ukoo tena. Safari hii mama alikaa kwenye kiti chini ya mparachichi, si jikoni. Wawili kati ya akina mama wa baraza la ardhi la kijiji walikuja kushuhudia. Sheria inataka baraza lile liwe na watu saba, watatu wao wanawake, na kwetu wanawake wale walikuwepo ila hawakuwa wakiitwa. Tulizungumza tangu saa nne mpaka jua linazama. Wazee walitaka makaburi yasiguswe. Hata sisi tulilitaka hilo, baba yetu yumo. Tukakubaliana: eneo la makaburi na njia ya kufikia vibaki wazi kwa ukoo wote. Siku yoyote tukitaka kuuza, ukoo uulizwe kwanza na upewe muda wa kununua. Mengine yote yawe ya mama na sisi mabinti watatu. Yaliandikwa yote, yakasomwa kwa sauti kwa Kiswahili, yakasemwa tena kwa Kihaya, ndipo watu wakasaini. Hati ya hakimiliki ya kimila tuliipata 2019, ina majina manne. Mama aliniomba nimwonyeshe lake lipo wapi. Akaliwekea kidole, akatulia nalo kidogo, kisha akaikunja hati na kuirudisha kwenye bahasha. Haikutosha kwenye kopo.

Darasani nilibadilisha namna ya kufundisha. Mada ya haki za raia ikifika, siandiki kitu ubaoni. Napitisha karatasi ambayo nusu ya juu ni tupu, nawaambia, "Mahudhurio, andikeni majina." Wanaandika wote. Kisha mbele ya macho yao naandika juu: Sisi tuliosaini hapa tumekubali kufagia uwanja wa shule wiki nzima kwa niaba ya madarasa mengine. Kelele zinazotokea hapo huwa nyingi. "Mwalimu, hatukusema hivyo!" Nawauliza, "Sahihi si zenu?" Ndipo tunafungua Katiba, na wanaisoma kwa namna nyingine kabisa. Mwaka jana binti mmoja wa kiti cha nyuma aliishika karatasi, akaigeuza, akaitazama juu na chini, akaniuliza, "Hapa patupu panaandikwa nini?" Nilisimama pale mbele nikashindwa kuendelea kwa dakika nzima.

Baba mdogo alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Ameacha mjane, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wanne. Nilisafiri kumzika. Siku ya tatu wanaume walikuwa chini ya mti, na wanawake tulikuwa jikoni, na kijana wa ukoo akaja na kaunta buku. Mabinti wa marehemu walikuwa karibu na mlango, macho yamevimba, mmoja tayari ameshika kalamu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Hakunyanyua sauti.

"Soma kwanza," akamwambia kijana.

"Bibi, hamna kitu cha kusoma. Ni mahudhurio tu."

"Hapo juu?"

"Hapo juu ni patupu."

"Basi pafunge."

Kijana akatazama huku na huku. Mjane wa baba mdogo akanyanyua kichwa. Yule binti akaishusha kalamu, akaiweka chini kando ya goti. Mwishowe kijana akatoa rula kwenye begi lake, akapiga mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona ya ile nusu ya juu, akaandika juu ya mstari: Mahudhurio ya msiba tu. Akausoma kwa sauti. Mama akajifuta vidole kwenye kanga, akamnyooshea dole gumba.